Herufi U ikiondoka kwenye USIKU: hili ni shairi-picha au ni uhuishaji?

Mkesha

Wanajamvi, hamjambo. Nina swali ambalo limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa. Naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu, maana nikilifupisha linageuka swali jingine.

Nimetunga shairi la neno moja. Skrini yote ni nyeusi, katikati pameandikwa USIKU kwa herufi nyeupe. Sekunde tatu za mwanzo hakuna kinachotikisika. Kisha U ya mwanzo inaanza kujitenga, inaelekea kushoto polepole sana, na papo hapo weusi wa uwanja unapauka huku weupe wa herufi ukiingia giza. Ikifika sekunde ya 12, U imeshatoka nje ya ukingo. Pamebaki SIKU, nyeusi juu ya nyeupe, na shairi linasimama hapo. Halijirudii.

Ndani yake kuna jambo ambalo sikulipanga. Kwa kuwa uwanja unatoka kwenye weusi kwenda kwenye weupe, na herufi zinatoka kwenye weupe kwenda kwenye weusi, tena kwa mwendo uleule, lazima zikutane njiani. Kati ya sekunde ya saba na ya nane kila kitu ni kijivu kimoja. Husomi chochote. Neno lipo pale pale, lakini halionekani. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea rangi, nikataka kusahihisha. Halafu nikakumbuka shairi lenyewe nilikolitoa.

Nilikesha na mama alipokuwa na homa kali. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na nilijiambia kwamba kukipambazuka tu nitajua usiku umepita salama. Nikawa naangalia dirisha. Sikuona kulipopambazuka. Kuna kipande cha wakati ambacho si giza wala si mwanga, unatazama na huna unachokitazama, halafu unatambua kwamba unaona vidole vya mkono wako, na hujui tangu lini. Mama alikuwa amelala, paji la uso limepoa. Kijivu kile ndicho kipande hicho. Nikakiacha.

Sasa swali. Nililipeleka shairi kwa wahariri wa maonyesho fulani ya mtandaoni, kitengo cha ushairi-picha, yaani mashairi ambayo mpangilio wa herufi machoni ni sehemu ya maana. Wakajibu kwa upole: kitu hiki kinatembea, kwa hiyo ni uhuishaji, kipeleke kitengo cha pili. Nikakipeleka. Kitengo cha pili wakasema: hapa hakuna mhusika wala tukio, ni maandishi yanayosogea, hii ni kazi ya ushairi. Sikuwakasirikia, kila upande ulikuwa na sababu zake. Lakini nimebaki na shairi mkononi lisilo na jina. Mpaka uko wapi? Ni mwendo wenyewe? Ni muda? Au ni kitu kingine ambacho sijakiona?

Sitafuti jina ili nipate pa kulipeleka. Nataka kujua nimetengeneza nini, kwa sababu nisipojua, sitajua pa kurekebisha.

PambizoTupu

Ndugu Mkesha, pole kwa mkesha huo, na namshukuru Mungu mama alipoa.

Nimetunga mashairi-picha ya karatasi miaka mingi, kwa hiyo jua kwamba nasema nikiwa nimesimama upande mmoja. Kwangu mimi suala si kama kitu kinatembea. Suala ni nani ameshika saa. Hata shairi lililochapwa lina mwendo wake. Chukua lile la mvua la mshairi wa Kifaransa Apollinaire, lililomo kwenye *Calligrammes* ya 1918: mistari mitano inayoteremka ukurasani kwa mshazari, herufi moja chini ya nyingine, kama michirizi kwenye kioo cha dirisha. Hakuna kinachosogea pale. Kinachoteremka ni jicho lako. Ukitaka kusimama katikati ya mchirizi, unasimama. Ukitaka kuupanda mchirizi hadi juu, unaupanda. Mshairi amechora njia, lakini miguu ni yako.

Kwenye shairi lako mimi si mtembeaji. Nimekalishwa kitini. U itaondoka nitake nisitake, kwa kasi uliyoamua wewe, na nikigeuka kumjibu mtu nitakuta imekwenda. Hapo ndipo ninapouona mpaka: msomaji akinyang'anywa saa, amekuwa mtazamaji.

Nina kipimo ninachotumia. Isitishe kazi mahali popote, bila kuchagua, utazame kilichobaki. Kama kinasimama chenyewe kama shairi, basi hilo ni shairi-picha lililopewa mwendo. Kama ni kipande tu cha kitu kisichokamilika, huo ni uhuishaji. Lako nimelisitisha mara sita. Mara tano nilipata kitu kizuri kweli, hasa pale U ilipojitenga kidogo na pengo kati yake na SIKU likawa kama mlango ulioachwa wazi. Hiyo ningeichapa kesho asubuhi. Mara ya sita nilipata ukurasa mtupu wa kijivu, na hapo kipimo kikakataa. Ushauri wangu: kiondoe kijivu, utabaki na shairi-picha safi.

Mkesha

Asante sana. Kipimo chako nimekitumia tangu jana kwenye kazi zangu nyingine, na mbili zimeanguka. Nakubali zimeanguka kihalali. Ila hapo kwenye kijivu siwezi kukubali.

Wewe wa karatasi unalijua vizuri kuliko mimi lile shairi la mshairi wa Uswisi Eugen Gomringer la miaka ya 1950, lenye neno moja tu, "kimya". Limerudiwa mara 14: mistari mitano ya maneno matatu matatu, na pale katikati kabisa, ambapo neno la 15 lingekaa, hakuna kitu. Kimya kinatokea hapo tu. Kwingine kote neno linatajwa, na kulitaja ni kulivunja. Sasa chukua mkasi, likate pengo lile, liweke peke yake mezani. Utakuwa na kipande cha karatasi nyeupe. Halitasimama kama shairi. Lakini hakuna mtu anayemwambia Gomringer aliondoe.

Kijivu changu ni pengo kama lile. Lake limezungukwa na maneno juu, chini, kushoto na kulia. Langu limezungukwa na neno lililotangulia na neno linalofuata. Ukilisitisha unalikata kutoka kwenye kingo zake, kisha unasema halina kingo.

PambizoTupu

Hilo la Gomringer limenifikia. Nakiri kwamba kipimo changu kinamwonea mtu anayetumia muda kama mwingine anavyotumia karatasi.

Jana nilikaa nikaijaribu njia yako kwa neno jingine: UPWEKE. U ikiondoka inabaki PWEKE, na neno lililoachwa linasema lenyewe limebaki katika hali gani. Nimelichapa kwa mistari miwili, U moja imetupwa mbali pembeni. Halikuhitaji kutembea hata kidogo. Nilipojaribu kulitembeza likawa dogo, kwa sababu kuachwa kulikuwa kumeshatokea na mwendo ulikuwa unakueleza tena kile ulichokwisha kuelewa. Kwa hiyo si kila neno lenye U ya kuondoka linadai mwendo. Je, lako linadai?

Na suala la saa sijaliachia. Kwenye pengo la Gomringer nakaa nitakavyo. Kwenye lako napewa chini ya sekunde moja, kisha nafukuzwa.

fremu_kwa_fremu

Salaam kwa wote. Nimefanya kazi ya uhuishaji tangu enzi za penseli na meza ya taa, na naomba niseme upande wetu, kwa sababu naona mnautaja kana kwamba ni jina la kila kitu kinachosogea.

Kusogea si kuhuika. Kalamu ikidondoka mezani imesogea. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, kila fremu ikiwa picha mnato moja; sisi mara nyingi tunachora 12, kila mchoro ukakaa fremu mbili. Kwa sekunde zako tisa za mwendo hiyo ni michoro 108. Ukimwuliza mhuishaji akuonyeshe kazi yake iko wapi, hatakuonyesha mchoro wowote kati ya hiyo 108. Norman McLaren, mhuishaji wa Kanada, alifundisha kwamba kinachotokea kati ya fremu na fremu kina uzito kuliko kilichomo ndani ya fremu, na kila aliyewahi kukaa kwenye ile meza anajua ni kweli. Kazi yetu ni kupima nafasi. Mchoro wa pili uwe mbali kiasi gani na wa kwanza? Wa tatu usogee zaidi au ubane? Kitu kizito huanza kwa kujivuta, michoro yake imesongamana. Kikishika kasi michoro inaachana. Kitu chenye hofu hurudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Ukipata nafasi hizo sawasawa, duara lisilo na uso wala miguu litaonekana lina nia. Mtoto atalionyesha kidole aseme linaogopa.

U yako nimeipima fremu kwa fremu. Inakwenda hatua sawa mwanzo mpaka mwisho. Haisiti, haichoki, haigeuki. Kwa lugha ya kazi yangu haijahuishwa, imesafirishwa. Nasema hivyo kwa heshima, kwa sababu naamini ndivyo inavyopaswa kuwa. Ungeifanya isite pale ukingoni, irudi nyuma kidogo kabla ya kutoka, ningeihurumia. Ingekuwa mtu anayeaga. Na hapo nisingekuwa nasoma tena. Ningekuwa natazama kisa cha mtu anayeitwa U.

Kwa hiyo mpaka wangu si wa saa. Herufi ikiendelea kuwa sauti ndani ya neno, uko kwenye ushairi hata kama inapiga sarakasi. Herufi ikigeuka mwili, umehamia kwetu, na tutakupokea kwa mikono miwili.

Na jambo moja pembeni, kwa kuwa hapa kuna wapenda maneno. Kitenzi chetu ni kuhuisha, kutia uhai. Lakini likiandikwa "huisha" peke yake, unaweza kulisoma hu-isha, kitu ambacho kila mara hufika mwisho. Nimelifikiria hilo miaka mingi nikiwa mezani. Mchoro wangu unapata uhai pale tu unapoondolewa ili mwingine uje.

Mkesha

Mzee wa fremu (niwie radhi kama si mzee), umenieleza kitu nilichokifanya bila kujua. Kulikuwa na toleo la kwanza ambalo U inaanza taratibu kisha inakimbia. Lilipendeza machoni kuliko hili. Rafiki niliyemwonyesha alicheka kwa huruma, akasema, "Maskini, inatoroka." Nikalifuta usiku uleule na sikuweza kumwambia kwa nini. Sasa naweza. Alikuwa ameona mtoro. Usiku ule hakuna aliyetoroka. Kulipokucha hakuna kilichosita wala kilichoharakisha.

Na hili la herufi kuwa sauti naomba nilishike kidogo, maana ndilo ninalolijali zaidi. U-si-ku ni mizani tatu. Si-ku ni mbili. Mkazo uko kwenye SI mwanzo, na uko kwenye SI mwisho, haukuhama. Ile U inapoondoka haichukui uzito wa neno, inachukua pumzi ya kuingilia. Litamkeni kwa sauti mara kadhaa, usiku, siku, usiku, siku, mtasikia kwamba siku ilikuwa imelala ndani muda wote na imebeba mkazo wote. Ondoa herufi nyingine yoyote kati ya zile tano, hupati neno. Kwa hiyo kinachosogea kwenye skrini yangu si picha ya U. Ni mizani moja inatoka kwenye mshororo.

PambizoTupu, UPWEKE wako ni mzuri kuliko shairi langu. Nasema kweli.

FundiKivinjari

Naingia kwa upande wa mitambo, kwa sababu wako watu wanaoamini kwamba aina ya faili ndiyo inayoamua: ikiwa picha, ni shairi; ikiwa inacheza, ni uhuishaji. Faili haiwezi kuwa mpaka. GIF ilitoka 1987 kama njia ya kutuma picha. Toleo la 1989 likaongeza muda wa kungoja kati ya picha na picha ndani ya faili hiyohiyo. Kujirudia bila kikomo kukaja 1995, Netscape walipoongeza amri yao kwa ajili ya kivinjari chao. Kiambishi cha faili hakikubadilika hata mara moja, na leo kinabeba picha mnato na vikatuni vilevile.

Kilichonifungua macho mimi ni kazi ya mwaka 1984. Mshairi wa Kanada, bpNichol, aliandika *First Screening* kwa lugha ya programu ya BASIC kwenye kompyuta ya Apple, akaisambaza kwa disketi: mashairi 12 ya maneno yanayotembea. Mashine ile ilipanga maandishi kwenye gridi, herufi 40 kwa mstari, mistari 24. Neno halikuweza kuteleza. Liliandikwa hapa, likafutwa, likaandikwa hatua moja pembeni. Ukiitazama unaona kwamba hakuna kilichosogezwa; kimeandikwa upya mara nyingi sana, na macho yako ndiyo yanayounganisha. Hapo mwendo na uandishi ni tendo lilelile, na swali la Mkesha linakosa pa kushika. Leo ukiiambia CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti, isogeze U kwa sekunde tisa, kivinjari kinakujazia hatua zote za katikati. Wewe umeandika mwanzo na mwisho tu. Nadhani ndiyo sababu wengi wetu tunatengeneza mwendo bila kuufikiria: haukutugharimu kitu.

Nina uzoefu wangu mmoja wa kuongezea. Nilikuwa na kazi saba nilizozitengeneza kwa Flash, programu ya zamani ya kuchezesha maandishi na picha kwenye wavuti. Ilipofika tamati yake tarehe 31 Desemba 2020 nilikuwa sijazihamisha, na uzembe huo ni wangu mwenyewe. Nilichobaki nacho ni picha za skrini nilizozipiga bila mpango. Tatu kati yake bado nazisoma kama mashairi. Nne sikumbuki hata zilihusu nini. Zilikuwa zimetegemea mwendo kwa kila kitu, na neno lilikuwa limekaa tu pale kama abiria.

Mkesha, kwa nini ulilizuia lisijirudie? Kujirudia ndicho kibwagizo cha mtandaoni. Watu wengi watafika likiwa limeshakwisha.

Mkesha

Nilijaribu. Lilipojirudia, SIKU iliruka ghafla ikawa USIKU tena. Kwa aliyekesha na mgonjwa, hiyo maana yake ni kwamba homa imerudi.

MasikioMawili

Habari zenu. Macho yangu ni dhaifu. Mara nyingi nasoma kwa kuikuza skrini, na nikichoka naacha kisoma skrini kinisomee. Nililifungua shairi la Mkesha kwa hamu, na naomba niseme nilichokikuta, kwa sababu hakuna mmoja wenu aliyekiona.

Kitu kidogo kinachosogea polepole, kikikuzwa mara nane, kinakuwa ukuta unaotembea mbele ya uso. Napata kizunguzungu. Kwa hiyo kifaa changu nimekiwekea agizo la kupunguza mwendo, na kurasa zilizotengenezwa kwa uangalifu hulitii. Wako umelitii, nashukuru. Lakini umelitii vipi? Umeniruka hadi mwisho. Nilichopewa mimi ni SIKU, nyeusi kwenye nyeupe. Neno la kawaida kabisa. Nimesoma mjadala wenu wote nikijiuliza huo usiku uko wapi.

Nikakiwasha kisoma skrini. Kila herufi umeifungia kwenye kisanduku chake ili U iweze kuondoka, kwa hiyo nilisomewa: u, s, i, k, u. Herufi tano zimepangwa kama mtu anayefundishwa kusoma. Umeeleza vizuri sana habari ya mizani tatu na mkazo kwenye SI. Mimi sikusikia hata silabi moja.

Miongozo ya ufikivu wa wavuti inataka kitu kinachoanza kusogea chenyewe kando ya maudhui mengine, na kikadumu zaidi ya sekunde tano, kiwe na njia ya kukisitisha. Sikuja kukusomea sheria. Nimekuja na swali ambalo nyote mmelipita mkibishania mpaka. Shairi lako likisimama, linasimama wapi? Kila msomaji kama mimi akifika, mashine inakuuliza hilo. Hukujibu, basi ikajibu kwa niaba yako.

Mkesha

Ndugu MasikioMawili, nisamehe. Nimekaa siku nne na swali lako ndipo nikaweza kuandika.

Kwanza nilidhani jibu ni jepesi: lisimame pale alipopapenda PambizoTupu, U imejitenga kidogo, mlango uko wazi. Nikaweka hivyo. Nikaangalia. Ilikuwa picha nzuri ya herufi inayoondoka na haikuwa na alfajiri ndani yake. Nikaondoa. Nikajaribu kuzipanga hatua tano wima, U ikisogea mstari kwa mstari. Ikawa kielelezo, kama ile michoro ya kumfundisha mtu jinsi ya kufunga tai. Nikaondoa.

Mwisho nikaandika USIKU juu, SIKU chini, na kati yake nikaacha nafasi ya mistari kadhaa isiyo na kitu. U haisogei popote. Haipo tu kwenye neno la pili. Pengo ndilo kijivu.

Nilipoliangalia hilo ndipo nikaona kitu ambacho kimenijibu swali nililokuja nalo. Kwenye karatasi, SIKU inaonekana kabla hujamaliza kusoma USIKU. Iko pale chini, jicho limeshaiokota. Kumekucha kabla hujaanza kungoja. Kwenye skrini hujui. Unaona U inaondoka na huna hakika kitakachobaki ni neno, halafu kila kitu kinakuwa kijivu na huna hakika kama kitarudi. Nilipokaa kwenye kile kiti karibu na dirisha, hakuna aliyekuwa ameniandikia SIKU chini ya ukurasa. PambizoTupu, uliuliza kama neno langu linadai mwendo. Linadai, kwa sababu hiyo. Na ndiyo sababu saa siwezi kukupa. Mimi mwenyewe sikuwa nayo.

Lakini sasa ninayo. Mama ni mzima, najua mwisho wake, na usiku ule nikiukumbuka naona giza na mwanga kwa pamoja, kama ulivyo ukurasa. Kwa hiyo lile la karatasi si kivuli cha lile la skrini, wala si fidia ya kumpa asiyeweza kutazama mwendo. Ni shairi la pili. La kwanza ni la anayengoja, la pili ni la anayekumbuka. Nimeyaweka yote mawili, na kila msomaji anaweza kulifungua lolote, si mwenye kizunguzungu peke yake.

Mabadiliko mengine niliyofanya. Kijivu nimekiongezea sekunde mbili kamili, U ikiendelea kusogea ndani yake bila kuonekana, kwa sababu PambizoTupu ana haki kwamba nilikuwa namfukuza. Mwendo sawa nimeuacha kama ulivyo. Kujirudia bado hakuna. Badala yake nimeweka kitufe kidogo cha kuanza upya, anayetaka kukesha tena aamue mwenyewe, na pembeni yake cha kusitisha. Zile herufi tano nimezificha kwa kisoma skrini, nikaweka aya mbili: usiku, kisha siku. Nilijaribu kuandika maelezo katikati, "herufi inaondoka, mwanga unaongezeka", nikayafuta. Sikupata njia ya kuweka ukimya pale, na hilo ndilo linalonisumbua hadi sasa.

Kuhusu jina, fremu_kwa_fremu amenizuia nisiite uhuishaji kitu nisichokihuisha. Nimeandika juu yake "shairi la sekunde 14", kama tunavyosema shairi la mizani kumi na sita.

fremu_kwa_fremu

Sekunde 14 hizo nimezitazama mara tatu. Kwenye kijivu cha sasa niligundua nimeacha kuitafuta U. Nilikuwa naitafuta SIKU. Usiiguse tena.

PambizoTupu

La karatasi nimelichapa, lipo ukutani mbele yangu. La skrini bado linanishikia saa yangu, na sasa najua kwa nini, hivyo nimenyamaza. Nitauliza kitu kimoja cha kiufundi: hizo nafasi tupu kati ya maneno mawili ni mistari mingapi? Nimeweka saba, naona ni mingi.

Mkesha

Mitano. Saba inakuwa huzuni.

MasikioMawili

Nimelifungua tena sasa hivi kwa kisoma skrini. Kikasema: usiku. Halafu kikanyamaza, kwa sababu kila aya nimeipanga iningoje nibonyeze mshale ndipo iendelee.

Sikubonyeza. Nilikaa na kidole juu ya kitufe, nikasikia saa ya ukutani, nikasikia mtu akigeuka kitandani chumba cha pili. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha nikabonyeza.